Jirani Ambaye Bado Hajazaliwa

Mwanasheria aliyemwendea Bwana Yesu katika Luka 10 aliuliza swali fupi: jirani yangu ni nani? Tunapolihubiri swali hili tumezoea kulijibu kwa kutazama upande wa pili wa barabara. Jirani ni mtu wa kabila lingine, wa dini nyingine, mgeni aliyeachwa kando ya njia akiwa nusu mfu. Jibu hilo ni sahihi, nasi bado tunajifunza kuliishi. Lakini kizazi chetu kimewekewa barabara nyingine ambayo Msamaria hakuipita, nayo ni barabara ya wakati. Kuna mtu atakayechota maji katika nchi fulani baada ya miaka elfu kumi. Hatajua lugha zetu, wala jina la taifa lililokuwa mahali pale. Hata hivyo usalama wa maji yake unategemea jinsi watu wa leo wanavyosaga na kuchanganya unga fulani. Je, huyo naye ni jirani yetu? Na kama ni jirani, tunawiwa naye nini?

Unga tunaousema si wa chakula. Ni unga wa kauri unaotayarishwa ili kufungia taka za nyuklia. Huenda msomaji akashangaa kukuta jambo kama hili katika kitabu cha imani, kwa kuwa linaonekana kuwa la maabara na la nchi za mbali. Tunaomba avumilie kidogo. Tukiitazama kazi hiyo kwa karibu, tunaona ndani yake swali la zamani sana la uadilifu, ambalo hata mwanakijiji asiyewahi kuona kinu cha nyuklia analijua: mzigo wa starehe yangu nimembebesha nani?

Tuanze na taka zenyewe. Fueli ya urani ikishatumika katika kinu cha kuzalisha umeme, ndani yake hubaki vitu vingi vinavyotoa mionzi. Baadhi yake, kama sesiamu-137 na strontiamu-90, hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Vingine vina umri usiolingana na historia yoyote ya wanadamu. Plutoniamu-239 huchukua miaka 24,100 kufikia nusu yake, na miaka mingine 24,100 kufikia nusu ya nusu hiyo. Tukikumbuka kwamba kati yetu na Ibrahimu ni miaka kama elfu nne tu, tunaanza kuelewa ukubwa wa jambo. Hakuna serikali iliyowahi kudumu muda huo. Hakuna ukuta, kufuli wala mlinzi wa kutegemewa kwa muda huo. Kwa hiyo wataalamu walitafuta kitu ambacho chenyewe kitalinda, hata kama watu wote waliokitengeneza wamesahauliwa.

Njia iliyotangulia ni ya kioo. Taka huyeyushwa pamoja na malighafi ya kioo, kisha humiminwa katika makopo ya chuma na kuachwa zigande. Ufaransa ilianza kufanya hivyo kwa kiwango cha kiwanda huko Marcoule mwaka 1978. Mwaka huohuo, mwanasayansi wa miamba wa Australia, Ted Ringwood, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alileta wazo lingine. Alitazama mawe ambayo Mungu aliyaweka ardhini. Alijua kwamba yapo madini ya asili yaliyobeba urani na thoriamu ndani yake kwa mamia ya mamilioni ya miaka, katika mvua na joto na mitikisiko ya dunia, bila kuziachia. Akauliza: kwa nini tusitengeneze jiwe la namna hiyo? Jiwe lake akaliita Synroc, yaani mwamba wa kutengenezwa.

Synroc ni mkusanyiko wa madini machache yenye titaniamu, na kila moja lina kazi yake. Holandaiti hushika sesiamu. Perovskaiti hushika strontiamu. Zirkonolaiti hushika urani, plutoniamu na jamaa zake. Chembe ya taka haikai tu katikati ya jiwe kama kokoto ndani ya zege. Huingia katika mpangilio wenyewe wa jiwe na kuwa sehemu yake, kama tofali lililojengewa ukutani. Maji yakifika hayalioni tofali la kuchukua, ila ukuta mzima wa kubomoa.

Hapa ndipo unga unapoingia. Kioo huyeyuka chote kikawa uji wa moto, na katika uji huo vitu huchanganyika vyenyewe. Kama mchanganyiko wa mwanzo ulikuwa na mabonge, moto utayasawazisha kwa sehemu kubwa. Kauri haiyeyuki hivyo. Unga wake hushindiliwa kwa nguvu katika joto la nyuzi 1,150 hadi 1,200 za Selsiasi, ukashikamana ukawa jiwe ungali mkavu. Katika hali hiyo chembe husogea mwendo mfupi mno. Kilichokuwa mbali na mwenzake katika unga kitabaki mbali naye katika jiwe. Kama mahali fulani sesiamu haikukutana na bariamu, alumini na titaniamu kwa kiasi kinachotakiwa, holandaiti haitajengeka pale. Sesiamu hiyo itabaki mpakani mwa punje, au itaingia katika kitu kinachoyeyuka majini. Nje jiwe litakuwa jeusi na gumu kama mawe mengine, na udhaifu wake hautaonekana kwa macho.

Wafinyanzi wanajua habari hii kwa namna yao. Udongo usiochekechwa vizuri, wenye changarawe au hewa ndani, hutoa chungu ambacho hata kikipendeza kitapasuka tanurini au kitavuja baadaye. Kosa lilitendeka siku ya kukanda, lakini aibu hutokea siku ya kupika. Tofauti ni kwamba chungu cha mfinyanzi humrudia mfinyanzi mwenyewe kwa lawama. Jiwe la taka halimrudii aliyelitengeneza. Litakapovuja, kama litavuja, yeye atakuwa mavumbi zamani sana.

Sasa tuzitazame njia zenyewe za kutayarisha unga, maana ndizo zinazotufundisha.

Njia ya kwanza ni ya oksidi. Oksidi za titaniamu, zirkoniamu na alumini, pamoja na kaboneti za bariamu na kalsiamu, huwekwa katika pipa linalozungushwa lenye mipira migumu ndani yake. Mipira hupondaponda na kuchanganya, kama mchi na kinu cha umeme. Ni njia rahisi, malighafi zake ni za bei ya chini, na viwanda vya vigae na vyombo vimeitumia kwa miaka mingi. Udhaifu wake ni kwamba mchanganyiko hauwezi kuwa laini kuliko usagaji wenyewe. Ukisaga saa chache kuliko inavyotakiwa, punje hubaki kubwa na kila moja hubaki na tabia yake. Ukisaga kwa muda mrefu, mipira nayo huliwa na mabaki yake huingia katika unga. Tena unga mkavu hutoa vumbi. Kama taka zenye mionzi zimeshaingia ndani ya unga huo, vumbi ni adui wa wale watakaosafisha na kutengeneza mashine, hata kama kazi yenyewe hufanywa kwa mikono ya mitambo nyuma ya kuta nene.

Njia ya pili ni ya kushusha pamoja. Vitu vyote huyeyushwa kwanza katika maji ya asidi, vikawa mchanganyiko usio na bonge hata moja. Kisha hutiwa dawa ya kupunguza asidi, na vitu hivyo vikashuka chini kama mashapo ya unga laini. Kwa kusikia tu, njia hii inashinda ya kwanza. Lakini vitu havishuki vyote kwa wakati mmoja, na vingine havishuki kabisa. Sesiamu ni mpenzi wa maji. Wengine wakishuka, yeye hubaki juu. Mtu akimwaga maji hayo na kuuosha unga hadi uwe safi, atakuwa na unga mzuri wa kuonyesha wageni, na sesiamu itakuwa imekwenda na maji ya kuoshea, ambayo nayo sasa ni taka. Asipoosha, akakausha kila kitu pamoja, sesiamu itabaki, lakini kazi ya kuchanganya sawasawa itaanza upya.

Njia ya tatu ni ya alkoksidi, iliyotumiwa sana na watafiti wa Australia. Titaniamu na zirkoniamu hutumika zikiwa zimefungamana na aina za alkoholi, kisha maji huongezwa. Fungamano huvunjika mara moja, na hutokea unga wa chembe ndogo mno, wenye vinyweleo vingi na kiu kubwa. Unga huu huandaliwa kabla ya kukutana na taka, mahali ambapo mfanyakazi anaweza kusimama bila hatari ya mionzi. Ndipo taka za majimaji humiminwa juu yake, zikanywewa na kuenea kila mahali. Mchanganyiko hukaushwa, ukaokwa kwa nyuzi kama 750 katika gesi yenye haidrojeni kidogo, ukaongezwa unga wa titaniamu wa asilimia 2 hivi ili oksijeni isizidi, kisha ukashindiliwa kuwa jiwe. Kwa sababu chembe zake ni ndogo, hushikamana vizuri bila kuhitaji joto kali kupita kiasi, na jambo hili lina maana kubwa, kwa kuwa sesiamu ikichomwa mno huruka kama mvuke. Udhaifu wa njia hii uko mfukoni na kwenye moto. Malighafi zake ni ghali, na alkoholi inayotoka huweza kuwaka, kwa hiyo lazima iondolewe kwa uangalifu.

Iko pia njia ya ute, ambayo chembe ndogo sana huelea katika maji hadi zikagandamana kama ute mzito, ukakaushwa kuwa vijipunje vya duara. Vijipunje hivyo humiminika kama mtama na havina vumbi, nayo ni neema kubwa kwa mfanyakazi. Ila mara nyingi huacha nyuma majimaji yanayohitaji kutibiwa.

Tukiziweka njia hizi pamoja, swali la mtaalamu ni: ipi inatoa jiwe bora? Swali la mwamini linapita hapo kidogo. Tunaona kwamba kila njia, pamoja na kutengeneza unga, inahamisha mzigo. Njia ya oksidi ikifanywa kwa haraka huhamisha mzigo kwenda kwa mfanyakazi anayekutana na vumbi, na kwa mjukuu wa mjukuu atakayerithi jiwe lisilochanganyika. Njia ya kushusha pamoja, ikifanywa bila uaminifu, huhamisha mzigo kutoka kwenye unga unaopimwa kwenda kwenye maji ambayo hakuna anayeyatazama. Njia ya alkoksidi huleta mzigo nyumbani, katika mfuko wa leo na tahadhari ya leo. Hakuna njia inayoufuta. Tulichopewa ni kuchagua nani aubebe.

Na hapa tunasema kile tunachoamini. Mzigo unapaswa kubaki, kadiri inavyowezekana, kwa wale waliofaidi. Waliowasha taa kwa umeme huo, waliotibiwa kwa dawa zilizotoka katika vinu hivyo, ndio wanaostahili kulipa gharama ya unga mzuri. Mtu ambaye hajazaliwa hakuwasha taa yoyote. Hana kura, hana mwanasheria, hawezi kuandika barua kwa mhariri wala kusimama mlangoni pa kiwanda akiwa na bango. Biblia ina jina kwa watu wasioweza kudai haki yao. Inawaita yatima, wajane na wageni, na inasema Mungu mwenyewe ndiye mtetezi wao. Hatuoni sababu ya kumwacha nje ya orodha hiyo yule ambaye hata kuzaliwa bado.

Sheria ya Musa ilizungumza na mtu wa namna yetu. Katika Kutoka 21 tunasoma juu ya mtu afunuaye shimo, au achimbaye shimo, asilifunike. Ng'ombe au punda wa mwingine akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Sheria haisemi alikusudia mabaya. Hata haimtaji mwenye ng'ombe kwa jina, kwa kuwa siku ya kuchimba hakujulikana. Katika Kumbukumbu la Torati 22 mjenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Ukingo huo hujengwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajapanda ngazi. Amri hizi mbili zinatosha kutuonyesha kwamba hatari tuliyoifungua sisi ni yetu, hata kama atakayedhurika hatutamwona kamwe.

Lakini tusiende haraka mno kuhukumu kwamba njia ghali ndiyo takatifu. Huo nao ni udanganyifu, na kanisani tunaujua, kwa maana tumeona sadaka kubwa zikitolewa ili kufunika madeni ya haki. Katika miaka ya 1990 Marekani ilitaka kufungia plutoniamu iliyozidi katika silaha zake. Mwaka 1997 ilichaguliwa kauri ya titaniamu badala ya kioo. Plutoniamu hiyo ilikuwa iandaliwe kama oksidi kavu, na wataalamu wakachagua kusaga oksidi kwa mashine yenye nguvu, kushindilia, na kuoka kwa nyuzi kama 1,350. Kuiyeyusha yote katika asidi ili kufuata njia ya majimaji kungezaa taka mpya za majimaji ambazo hazikuwepo. Kwa kazi ile, njia ya kawaida ya kusaga ilikuwa na busara, mradi isagwe kweli hadi mwisho. Unyenyekevu wa njia haukuwa dhambi. Dhambi ingekuwa kusaga nusu na kuandika katika daftari kwamba kazi imekamilika.

Mpango huo wa kauri ulisimamishwa mwaka 2002 kwa sababu za gharama. Njia iliyopendelewa badala yake, ya kuigeuza plutoniamu hiyo kuwa fueli, nayo ilikatishwa mwaka 2018 kwa sababu ya gharama zilizopanda kupita kiasi. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha mahali majaribu yalipo. Wataalamu walijua kutengeneza jiwe. Kilichokosekana ni subira ya kulipa kwa ajili ya jambo ambalo faida yake haitaonekana katika uchaguzi ujao, wala katika chaguzi mia zijazo. Kila mtu anayeshika mkoba wa umma anajua sauti inayosema kwamba hili linaweza kusubiri.

Wapo ndugu watakaotuuliza kama mahangaiko haya si upungufu wa imani. Bwana hakutuambia tusiisumbukie kesho? Ndiyo, katika Mathayo 6. Lakini tuangalie aliowaambia. Aliwaambia watu waliokuwa na hofu juu ya chakula na mavazi yao wenyewe. Hakumwambia mchimba shimo asihangaike kulifunika. Yusufu katika Misri hakukosa imani alipohifadhi nafaka kwa miaka saba ya njaa ambayo hakuna macho yaliyokuwa yameiona. Kumtumainia Mungu kwa ajili ya kesho yangu ni imani. Kumwachia Mungu akasafishe kesho ya mwingine niliyoichafua mimi ni jambo la namna nyingine kabisa.

Wengine watauliza kutoka upande wa pili: kwa nini taka hizi zitengenezwe kabisa? Swali hili ni la haki, na wakristo wema hutofautiana katika kulijibu. Ila hata kama vinu vyote duniani vingezimwa leo jioni, taka zilizopo zingebaki. Tena si zote zimetokana na silaha na tamaa. Huko Lucas Heights, kusini mwa jiji la Sydney, Australia imekuwa ikijenga mtambo wa Synroc kwa ajili ya taka za majimaji zinazotokana na utengenezaji wa molibdenamu-99. Kutokana na hiyo hupatikana teknetiamu-99m, ambayo hospitali za nchi nyingi huitumia kupiga picha za moyo, mifupa na uvimbe ndani ya mwili wa mgonjwa. Uponyaji wa mtu mmoja huacha mabaki ya kutunzwa na mwingine. Hata wema una majivu yake, na mwenye nyumba mwadilifu hutoa majivu yake mwenyewe.

Tena tusijidanganye kwamba jambo hili liko mbali na sisi tunaosali kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Wakongo waliochimba na kubeba madini hayo hawakuambiwa wanabeba nini wala yanakwenda wapi. Walikuwa jirani wasioonekana wa kizazi kile. Umbali wao ulikuwa wa bahari, nao ukatosha kuwafanya wasihesabiwe. Leo urani imo ardhini pale Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, nayo Kenya imekuwa na mpango wa kujenga kinu cha nyuklia. Wana wetu na binti zetu watakuwa wahandisi, wakaguzi, wabunge na wapiga kura katika mambo haya. Wakikaa mezani ambapo njia za kazi zinalinganishwa, tungependa wawe wamefundishwa kuuliza, baada ya swali la bei na swali la ubora, swali la mzigo: katika njia hii, anayebeba ni nani, na je, ameulizwa?

Je, tunaweza kuwa na uhakika kwamba jiwe litashika? Hapa ukweli unadai unyenyekevu. Wataalamu huweka vipande vya jiwe katika maji ya nyuzi 90 kwa siku na majuma na miezi, kisha hupima kilichotoka. Hawawezi kupima miaka elfu ishirini na nne. Ndiyo maana hurudi kuuliza uumbaji. Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba huko Oklo, nchini Gabon, madini ya urani yaliwahi kuwaka yenyewe kama vinu vya asili, karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Plutoniamu iliyozaliwa pale karibu haikusogea kutoka mahali pake. Lakini sesiamu na strontiamu kwa sehemu kubwa ziliondoka. Ardhi ile ya Afrika ilitoa ushahidi wa pande zote mbili bila upendeleo: vitu hivi vinaweza kushikwa, na vile vyepesi vya kukimbia vitakimbia visipojengewa nyumba yao.

Zirkonolaiti ya asili nayo ina neno. Mionzi ya urani iliyo ndani yake huupiga mpangilio wake kwa muda mrefu hadi ukavurugika, jiwe likapoteza sura yake ya ndani ya mwanzo. Hata katika hali hiyo, mawe mengi ya namna hiyo yameonekana yakiendelea kushika urani na thoriamu yao. Hayakubaki bila jeraha. Yalibaki bila kuachia. Tunapowaza juu ya uaminifu tunaoagizwa, huenda mfano huo unatufaa kuliko sanamu ya mtu asiyeguswa na chochote.

Yeremia alikuwa kifungoni, na Yerusalemu ilikuwa imezungukwa na jeshi la Babeli, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha. Hati mbili za ununuzi, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, aliagiza ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Yeye mwenyewe hakutazamia kulima shamba lile. Aliweka karatasi kwenye chungu kwa ajili ya watu watakaorudi wakati yeye hayupo, na chungu hicho kilikuwa ungamo lake kwamba Mungu atakuwa na watu katika nchi ile tena. Kuna kufanana hapa ambako hatutaki kupita kiasi, kwa sababu Yeremia aliweka urithi na sisi tunaweka hatari. Lakini katika vyote viwili chombo lazima kiwe kizuri, na sababu ni ileile: tunaamini kuna watu watakaokuja, na kwamba ni watu wa Mungu kama sisi.

Kwa hiyo tunajibu swali tulilolianza. Ndiyo, huyo ni jirani. Hatuwezi kumpa chakula wala kumfunga majeraha yake kwa mafuta na divai. Tunaweza kumpa jambo moja tu, nalo ni kazi iliyofanywa vizuri mahali ambapo hatakuwepo kuikagua. Mahali hapo ni mapema sana, kabla ya jiwe, kabla ya moto, wakati unga bado ni unga na saa mbili za kusaga zinaweza kuongezwa au kupunguzwa bila mtu yeyote kujua. Mfanyakazi anayeziongeza, msimamizi anayemruhusu, na raia anayekubali kuzilipia, wamempita Mlawi na kuhani barabarani, nao wamesimama.

Wengi wetu hatutasaga unga huo. Lakini kila mmoja ana kazi ambayo makosa yake yatamfikia mtu mwingine baadaye: msingi wa nyumba ya kupanga, kisima cha kijiji, dawa ya kunyunyizia mboga, daftari la hazina ya usharika. Juma hili tunaweza kuitazama kazi hiyo na kumtafuta mtu mmoja ambaye ataurithi mwisho wake bila kuwa amepata faida yake. Tukimpata, tumwombee, kisha turudi kazini tukasage mpaka mwisho.